Harry Thuku wa Kambui

Msafiri atokaye Tarime akavuka mpaka pale Sirari, akashika njia ya Migori, Kisii na Narok, mwisho wa safari yake hufika Nairobi. Kaskazini ya mji huo iko nchi ya Kiambu, nchi ya vilima vingi na vijito vingi, yenye udongo mwekundu na mvua ya kutosha. Katika nchi hiyo pana mahali paitwapo Kambui, na hapo ndipo alipozaliwa Harry Thuku mwaka 1895. Mwaka ule ule Waingereza walitangaza kwamba nchi yote tangu pwani hata huko bara iko chini ya ulinzi wao. Nairobi ilikuwa haijawa mji. Palikuwa na kinamasi tu, na Wamasai walikuja kunywesha ng'ombe zao. Reli kutoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1899, na mji ukaota kando ya reli kama uyoga baada ya mvua.

Thuku alikuwa mtoto wakati Wazungu wa kwanza walipokuja kujenga misheni Kambui. Walikuwa Wamarekani wa chama kiitwacho Gospel Missionary Society, na mkubwa wao alikuwa Bwana Knapp. Mwaka 1907 Thuku aliingia misheni, akakaa hapo muda wa miaka minne. Alijifunza kusoma na kuandika, akajifunza Kiingereza, akabatizwa na kuitwa Harry. Katika siku zile vijana wa Kikuyu waliojua kuandika walikuwa wachache sana. Mtu aliyeweza kuchukua barua, kuisoma na kuijibu alionekana kama mtu mwenye dawa.

Hata mwaka 1911 Thuku akaondoka nyumbani, akashuka Nairobi kutafuta kazi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Akaipata kazi katika benki, akawa tarishi wa kuchukua barua huko na huko. Hapo aliona mambo ambayo kwao Kambui hayakuwako. Aliona mtu akiandika maneno machache juu ya kipande cha karatasi, kisha karatasi ile ikatoa rupia nyingi kuliko bei ya mbuzi wote wa boma moja. Karatasi hiyo huitwa hundi. Nguvu yake yote imo katika mkono wa mtu aliyeitia sahihi, na asiye mwenyewe haruhusiwi kuandika jina lile.

Mwaka ule ule Thuku akashtakiwa kwamba alighushi hundi. Hakimu akamhukumu kifungo cha miaka miwili.

Mambo hayo hayapasi kufichwa, ijapokuwa wako wanaosimulia habari za Thuku wakayaruka, kama mtu arukavyo dimbwi njiani ili asichafue miguu. Kijana wa misheni, aliyefundishwa vema, aliingia gerezani kwa kosa la fedha. Aliwaaibisha walimu wake na watu wa ukoo wake, nao hawakuwa watu wa chini katika Kiambu. Alipotoka alikuwa na miaka kumi na minane hivi, na jina lililoharibika.

Wanafunzi wa Tarime na wa Mugumu wanaweza kufahamu vizuri hali hiyo, maana gereza liko Tarime, na lingine liko Mugumu katika wilaya ya Serengeti, na watu wanaotoka humo hurudi katika vijiji wanavyovijua. Wengine walifungwa kwa ajili ya wizi wa ng'ombe, wengine kwa kuingia katika hifadhi ya Serengeti kuwinda wanyama. Mara kwa mara Rais hutoa msamaha siku za sikukuu za taifa, na wengine hutoka kabla ya kumaliza muda wao. Mtu wa namna hiyo arudipo, mara nyingi shamba lake limekuwa pori, ng'ombe wameuzwa, na watoto wamegawanywa kwa ndugu. Tena liko jambo moja gumu kuliko hayo. Ng'ombe akipotea usiku, watu humtazama yeye asubuhi. Akiomba kazi, huulizwa alikuwa wapi miaka hiyo. Serikali imemaliza kumwadhibu, lakini kijiji hakijamaliza. Ndipo wengine hurudia njia yao ya kwanza, maana ndiyo njia pekee ambayo haijafungwa kwa miiba.

Thuku hakurudia njia yake ya kwanza, wala hilo halikutokana na uhodari wake peke yake. Watu walimpa kazi. Mwaka 1914 aliingia katika nyumba ya kupigia chapa gazeti moja la Nairobi, lililoitwa Leader of British East Africa, akafanya kazi humo hata mwaka 1917. Kazi yake ilikuwa kupanga herufi. Siku zile kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha risasi, na mpangaji alizichukua moja moja kutoka katika visanduku, akazipanga mstari kwa mstari, akizisoma kinyume kama mtu asomaye katika kioo. Akikosa herufi moja, watu wote wa mji wataliona kosa lake asubuhi. Kazi hiyo yahitaji macho mazuri na uvumilivu, na mvivu haiwezi.

Gazeti lile lilikuwa la Wazungu walowezi, waliolima mashamba makubwa katika nchi ya juu. Walijaza kurasa zake manung'uniko yao. Wafanya kazi hawatoshi, mishahara ni mikubwa mno, Serikali haiwasaidii. Pengine hawakufikiri hata mara moja kwamba kijana Mkikuyu aliyesimama mbele ya visanduku alikuwa akiyasoma maneno hayo yote, tena mapema kuliko wenyewe. Thuku alijifunza humo kazi ya chapa, na pamoja nayo akajifunza jinsi watu wanavyodai haki zao kwa kalamu. Gereza halikumfundisha hayo.

Mwaka 1918 akapata kazi nyingine, na hapo ndipo penye ajabu. Aliajiriwa na Serikali kupokea na kuunganisha simu katika Hazina, yaani nyumba inayotunza fedha za nchi nzima. Kijana aliyefungwa kwa hundi ya uongo sasa alikuwa ameketi katika nyumba ya fedha, na maneno ya wakubwa yalipita mikononi mwake kutwa. Hakuiba hata senti. Miaka ile alivaa vizuri, akasema Kiingereza safi, akafahamiana na Waafrika wa makabila mengi pamoja na Wahindi wa mji. Aliyemtazama asingaliweza kujua kwamba alikuwa mfungwa.

Wakati huo nchi ilikuwa katika taabu. Vita Kuu ya kwanza ilikuwa imekwisha, na maelfu ya wapagazi waliochukuliwa kwenda kubeba mizigo ya majeshi walikuwa wamekufa kwa homa, kuhara na njaa katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani, ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Waliorudi walikuta mambo matatu yakiwangoja. La kwanza ni kipande. Sheria yake iliandikwa mwaka 1915, nayo ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka kumi na sita alipigwa chapa ya vidole, akapewa karatasi iliyoandikwa jina lake, kabila lake, kazi yake na mshahara wake, akaitia katika kijaluba cha chuma na kukivaa shingoni. Mtu akiacha kazi bila bwana wake kutia sahihi katika kipande, alitafutwa kama mhalifu na kufungwa. Hivyo watu wengi wasioiba wala kupigana waliingia gerezani kwa sababu ya karatasi tu, na walipotoka, karatasi ile ile ndiyo iliyowatangulia kila walikoomba kazi.

La pili lilikuwa kodi, iliyopandishwa kutoka shilingi 10 hata 16. La tatu lilikuwa mshahara. Mwaka 1921 walowezi walikubaliana kuupunguza kwa theluthi moja, wakisema bei za mazao zimeshuka. Basi mtu alitakiwa kulipa zaidi kwa kupata kidogo. Tena katika vijiji wasichana na wanawake walichukuliwa kwa nguvu na watu wa machifu, wakapelekwa kufanya kazi katika mashamba ya kahawa na mabarabarani, mbali na mama zao.

Thuku na rafiki zake hawakuweza kunyamaza. Mwezi wa Juni 1921 walianzisha Chama cha Vijana wa Kikuyu. Hazikupita wiki nyingi wakaona kwamba taabu ile si ya Wakikuyu peke yao, wakakiita chama chao Chama cha Afrika ya Mashariki, ili watu wa makabila yote waingie. Mhindi mmoja, Manilal Ambalal Desai, mwenye gazeti la East African Chronicle, aliwasaidia kwa ushauri na kwa chapa. Thuku akapeleka simu ya maandishi hata London kueleza manung'uniko ya watu, bila kupita kwa machifu wala kwa Gavana. Jambo hilo liliwachukiza sana wakubwa wa Nairobi, pia machifu wa Kiambu waliokuwa na chama chao wenyewe. Thuku akaondoka katika kazi ya Hazina. Akazunguka nchi, akafika mpaka Kisumu na Nyanza, na kila mahali watu walikusanyika kwa maelfu. Aliwaambia wasikubali kazi ya kulazimishwa. Akasema pia kwamba vipande vyote vikusanywe vikarudishwe kwa Gavana. Wanawake walimpenda mno kwa sababu ya kuwatetea binti zao, wakamtungia nyimbo za sifa.

Siku ya 14 Machi 1922 polisi wakamkamata, wakamtia katika kituo cha polisi cha Nairobi. Kesho yake wafanya kazi wa mji wakaacha kazi zao, wakaenda kuketi mbele ya kituo kile. Wapishi, madobi, watumishi wa nyumbani, wachukuzi, wote walikuwapo. Siku ya 16 watu walizidi. Wajumbe wao waliitwa kuzungumza na wakubwa wa Serikali, wakarudi wakawaambia watu watawanyike. Ndipo mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akasimama, akawasuta wanaume kwa woga wao. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasogea mbele kuelekea mlangoni. Polisi wakapiga risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuanguka. Hesabu ya Serikali ilisema wamekufa watu 21. Wenyeji waliohesabu wenyewe wakataja hesabu kubwa zaidi. Waliokufa siku ile walikuja kudai mtu mmoja atolewe kifungoni, na mtu huyo miaka kumi na moja kabla ya hapo aliingia gerezani bila kulilia na umati wowote.

Safari hii Thuku hakupelekwa mbele ya hakimu. Hakukuwa na mashtaka, wala mashahidi, wala hukumu yenye hesabu ya miaka. Gavana alitumia sheria iliyompa amri ya kumhamisha mtu, akamhamishia Kismayu, mji wa pwani ya mbali kaskazini, uliokuwa wakati ule chini ya utawala wa Kenya. Wenzake wawili, Waiganjo Ndotono na George Mugekenyi, nao wakahamishwa. Mwaka 1925 Uingereza iliwapa Waitalia nchi ile ya Kismayu, naye Thuku akaondolewa. Akapelekwa Lamu, kisha Witu, mwisho Marsabit, mlima wenye msitu na ukungu unaosimama peke yake katikati ya jangwa.

Mtu aliyehukumiwa miaka miwili huweza kuhesabu. Huchora alama ukutani, na kila alama inampeleka karibu na mlango. Mtu asiyehukumiwa hana la kuhesabu. Thuku alikaa hivyo tangu mwezi wa Machi 1922 hata mwezi wa Desemba 1930, muda wa miaka minane na miezi tisa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita au saba alipoondoka, akarudi mtu mzima wa miaka thelathini na mitano. Miaka ambayo wenzake waliitumia kuoa, kujenga na kufuga, yeye aliitumia kuhamishwa kutoka mahali hata mahali.

Lakini nyumbani hakusahauliwa. Mwaka 1924 kilianzishwa Chama Kikuu cha Wakikuyu, ambacho watu wengi hukijua kwa herufi zake tatu, KCA. Viongozi wake walikuwa Joseph Kang'ethe, Jesse Kariuki na wengine waliomjua Thuku. Mwaka 1925, Gavana mpya, Sir Edward Grigg, alipokwenda Fort Hall, mahali paitwapo sasa Murang'a, walimpelekea maombi yao. Waliomba sheria za nchi zipigwe chapa kwa lugha yao ili wazielewe. Waliomba ruhusa ya kupanda kahawa. Wakaomba Harry Thuku arudishwe. Ombi hilo la mwisho hawakuliacha, wakalirudia tena na tena. Mfungwa anayejua kwamba jina lake linatajwa nyumbani si sawa na yule ambaye jina lake limezikwa. Wako wafungwa wengi ambao hakuna awapelekeaye barua wala kuwauliza hali, nao hutoka gerezani wakiwa wageni kwa mama zao.

Mwishoni mwa mwaka 1930 Thuku akaruhusiwa, na mwanzoni mwa mwaka 1931 alikuwa tena katika Kiambu. Akaikuta nchi nyingine. Magari yalikuwa yamejaa barabarani. Wakikuyu walikuwa na gazeti kwa lugha yao, lililoongozwa na kijana aliyeitwa Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Jomo. Misheni na watu walikuwa wamegombana vikali mwaka 1929 juu ya desturi ya kuwatahiri wasichana, makanisa yakagawanyika, na watu wengine wakaanza kujenga shule zao wenyewe. Rafiki zake wa zamani walikuwa katika pande mbalimbali za ugomvi huo.

Hapo kulitokea jambo lililo gumu kueleza. Mara ya kwanza, alipotoka gerezani kwa kosa la hundi, hakuna mtu aliyemtazamia neno kubwa. Alipewa kazi ndogo, akaifanya, akapewa nyingine, akapanda polepole. Mara ya pili alipokelewa kama shujaa, na ushujaa ule ukawa mzigo. Watu walikuwa wamemchora katika mioyo yao kwa muda wa miaka tisa, na mtu waliyemchora alikuwa yule kijana mkali wa mwaka 1922. Serikali kwa upande wake ilimchunguza kila alikokwenda. Kila upande ulikuwa na Thuku wake, na Thuku mwenyewe hakupewa nafasi ya kukaa kimya akatambua yeye ni nani sasa. Mtu aliyetoka kifungoni baada ya miaka mingi ahitaji muda wa kuzoea hata mambo madogo, kama kuchagua saa ya kula. Yeye katika muda wa mwaka mmoja na nusu alifanywa kuwa rais wa KCA, mwaka 1932.

Mambo hayakwenda vema. Thuku aliyerudi alitaka kwenda kwa upole na kwa njia ya sheria. Kang'ethe na Kariuki walitaka kusukuma mbele kwa nguvu zaidi. Wakagombana, wakagawanyika, na mwaka 1935 Thuku akaanzisha chama chake kingine, kilichosema wazi kwamba kitafuata sheria na kuwa mtii kwa Serikali. Wengi wakamwona kwamba ameuzwa. Wengine wakasema uhamisho ulimvunja. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Inawezekana mtu akarudi kutoka kifungoni na mawazo tofauti bila kuwa amevunjika. Na waliokaa nyumbani hawana haki ya kumdai arudi vile vile alivyoondoka, kama jembe lililoazimwa. Hata hivyo ni kweli pia kwamba waliomwombea arudi, na ndugu za wale waliokufa mbele ya kituo cha polisi, walikuwa na sababu ya kuhuzunika.

Mwezi wa Oktoba 1944, Waafrika wa makabila mbalimbali walipounda chama cha Kenya nzima ili kumsaidia Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika baraza la kutunga sheria, walimchagua Thuku awe mwenyekiti wa kwanza. Alikaa muda mfupi tu, akaacha, na mwaka 1945 James Gichuru akashika mahali pake. Tangu hapo siasa kubwa ilimpita. Mwaka 1952, vita vya Mau Mau vilipoanza, alivipinga waziwazi, akasema hivyo hata katika redio. Maneno hayo yalimpotezea rafiki wengi waliobaki.

Vita vile vilileta wafungwa kwa makumi ya maelfu. Wakikuyu walikusanywa katika kambi za Manyani, Mackinnon Road, Mwea, Hola na nyingine nyingi, walio wengi bila kupelekwa mahakamani, kama Thuku mwenyewe hapo zamani. Walipoachiliwa na kurudi Kiambu, Murang'a na Nyeri, wengi walikuta mashamba yamekwisha kupimwa na kuunganishwa, na mipaka mipya imewekwa wao wasipokuwapo. Mwingine alikuta mahali pa nyumba ya baba yake pamekuwa pa jirani. Kiambu yote ikawa nchi ya watu waliorudi, kila mmoja akitafuta pa kuanzia.

Thuku alikuwa amekwisha kuanza, naye alianzia katika udongo. Katika miaka ile ya ugomvi wa vyama alikuwa akilima shamba lake huko kwao. Waafrika wa Kiambu walikuwa wamezuiwa kwa muda mrefu kupanda kahawa. Walowezi walisema kwamba mashamba madogo yataleta magonjwa ya mimea na wizi wa buni. Katika nchi ya Kisii, isiyo mbali na Tarime, ruhusa ilitolewa katika miaka ya 1930, lakini Wakikuyu walingoja zaidi, hata miaka ya 1950. Ruhusa ilipokuja, Thuku akawa mkulima hodari wa kahawa.

Wakulima wa kahawa wa Tarime wanajua kazi hiyo ilivyo. Mche hukaa kitaluni kwanza. Ukishapandwa shambani, huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa kwa kufaa, na miaka hiyo yote mkulima hupalilia, hutia samadi, hupogoa, wala hapati kitu. Matunda yakiiva hayaivi yote siku moja. Hurudiwa tena na tena, na jekundu huchumwa, la kijani huachwa. Kisha humenywa, huloweshwa, husafishwa na kuanikwa. Asiye na subira hung'oa mikahawa yake mwaka wa pili akapanda mahindi. Thuku alikuwa na subira nyingi, na walio karibu naye waliiheshimu kazi yake hata wale waliochukia siasa yake. Mwaka 1959 aliingizwa katika baraza la umoja wa wakulima wa kahawa wa Kenya, akiwa Mwafrika wa kwanza kuketi humo. Walowezi, ambao zamani gazeti lao alilipangia herufi, sasa walikaa naye meza moja.

Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Thuku alikuwa na miaka sitini na minane. Waziri Mkuu wa nchi, Jomo Kenyatta, alikuwa mtu aliyetoka kifungoni miaka miwili tu kabla ya hapo, na katika serikali yake walikuwamo wengine waliofungwa pamoja naye. Thuku hakupewa cheo. Aliendelea na kahawa yake.

Katika uzee wake alisimulia habari za maisha yake, na mwanachuoni mmoja aitwaye Kenneth King akamsaidia kuziandika. Kitabu kilitolewa mwaka 1970. Mwaka huo huo, tarehe 14 Juni, Harry Thuku akafariki.

Nairobi iko barabara iitwayo kwa jina lake. Si ndefu. Upande mmoja kuna hoteli ya Norfolk, ambayo inasemwa kwamba kutoka barazani mwake walowezi nao walipiga bunduki siku ile ya 16 Machi 1922. Upande wa pili kuna Chuo Kikuu cha Nairobi, na kituo cha polisi kiko karibu. Wanafunzi huipita asubuhi wakienda darasani na vitabu vyao, na jioni wakirudi.